Mwaka Walioinua Landrova

Siku tuliyomzika mume wangu Shaibu, jeneza lilichelewa kutoka uani kwa sababu ya matofali. Fundi Damiani, mtani wake tangu ujana, mzee sasa ambaye magoti yake hayakunjiki vizuri, aliingia amevaa ovaroli ya marehemu, ile yenye mafuta ambayo nilishakata tamaa ya kuifua, akawaamuru vijana wanyanyue jeneza huku yeye akipanga matofali chini ya miguu ya jeneza. "Juu! Juu zaidi!" akapiga kelele. "Mnataka huyu mtu aguse maji ya mto Mavuji?" Kisha akalala chali pale chini kama yuko chini ya gari, akagonga ubao kwa spana, akatoka akipangusa mikono na kusema bado, liongezwe jani moja la springi. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanawatoka. Kwetu ndivyo watani wanavyozika. Mtu mwingine akifanya vile atatolewa nje kwa makofi, lakini mtani asipofanya, watu watajiuliza alikuwa na kinyongo gani na marehemu. Hata mimi mjane, nimejifunika kanga hadi machoni, nilicheka. Nilikuwa bado nacheka mlango wa ua ulipofunguka akaingia Mwanahawa kutoka Lindi, amenyooka vile vile, bakora ya uzeeni ameishika kama vile kaichukua kwa urembo tu. Nilikuwa sijamwona miaka mingi. Na mimi, mwanamke mwenye wajukuu, mume wangu amelala pale ndani ya sanda, nikahisi wivu unanipanda, ule ule, haujazeeka hata kidogo.

Ulikuwa mwaka wa zile siku za ruksa, tulipokuwa bado wapya hapa Nangurukuru. Duka la ushirika lilibaki na rafu na mizani, halafu ghafla kila mtu akawa mfanyabiashara. Mitumba ilianza kuteremshwa njia panda kwa marobota, na wanunuzi wa korosho wakaanza kutokea, watu tusiowajua, wakiuliza njia. Shaibu akapata Landrova. Ilikuwa ya idara moja ya serikali, ikauzwa ikiwa imekufa, na ilipofika uani kwetu ikivutwa na trekta kulikuwa na kuku anaatamia kwenye kiti cha nyuma. Mimi ndiye niliyemtoa yule kuku. Shaibu aliizunguka ile gari akiigusagusa, akachungulia chini, akainuka na vumbi kwenye paji la uso, akaniambia maneno ambayo nayakumbuka kuliko maneno ya ndoa yangu: "Somoe, hii tutaiinua. Masika haya, wenzetu wakiwa wamekwama kwenye tope, wewe utakaa kiti cha mbele, nikupeleke Pande kwa mama yako." Nieleze kidogo ili ieleweke. Wakati huo mvua zikishika, Pande haikufikika kwa gari. Bonde la Mavuji lilijaa, udongo mweusi ukawa kama uji, na aliyetaka kwenda alivua viatu. Tangu niolewe sikuwahi kumwona mama yangu wakati wa masika, na masika ndiyo yaliyokuwa yanamsumbua kifua. Kwa hiyo sikuichukia ile gari mwanzoni. Niliwapikia watu wake kwa moyo mweupe.

Nilianza kuichukia ilipoanza kunichukulia vyombo. Kwanza Shaibu alichukua sufuria yangu ya wali akalowekea bolti za springi kwenye mafuta ya taa, akasema ataisugua. Kisha kanga, moja ya doti niliyopewa na wifi yangu, ikawa tambara la gereji. Kisha mchi. Alikwenda nao hadi Mavuji maji yalipokuwa bado kidogo, akausimamisha mtoni kupima kina, akamuuliza mzee wa pale alama za masika zinafika wapi, na aliporudi nikakuta amechonga pengo kwenye mchi wangu kwa panga. "Hapa ndipo maji yanapofika," akasema, kama mtu aliyeniletea zawadi. "Injini na feni yake lazima viwe juu ya hapa." Toka siku hiyo kila nikitwanga kisamvu kiganja changu kinakutana na lile pengo. Mezani, na meza yetu ilikuwa mkeka, hakukuwa na mazungumzo mengine. Nilikuwa naweka ugali wa muhogo na pweza wa nazi, nimemsugua pweza mpaka mikono imechoka, na Shaibu anatumia matonge kumwonyesha Fundi Damiani jinsi springi inavyokaa juu ya ekseli. Tonge moja chini, majani ya springi hapa, chuma cha kunyanyulia katikati. Damiani alikuwa mtu wa kutafuna taratibu. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akala ile ekseli.

"Ukiinyanyua mno itayumba," alisema. "Na propela shafti itapinda kiuno kama nyinyi mkicheza ngoma. Tuongeze majani mawili, shekeli za kushikia springi ziwe ndefu kidogo, matairi ya kashata, yale ya meno makubwa. Inatosha."

"Inatosha kwenda Masoko," Shaibu akajibu. "Mimi naitaka Pande. Naitaka Kikole mvua zikinyesha."

"Basi nenda ukaolewe na kivuko," alisema mtani wake, wakacheka, na mimi nikacheka. Siku zile nilikuwa bado nacheka nao.

Mwanahawa aliingia kupitia majani ya springi. Alikuwa mjane kijana wa Lindi mjini. Marehemu mumewe alikuwa na lori lililokuwa limeoza uani kwake, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuuza mitumba. Alitaka marobota yake yafike Pande na Kikole masika, wakati hakuna mwingine anayefika. Akasikia habari za mwendawazimu wa Nangurukuru anayeinua Landrova. Akaja na springi za lile lori, zimefungwa kwa kamba, amezikalia juu ya gari la mizigo kana kwamba ni kochi. Nilimkaribisha vizuri, nikamwandalia maji ya kuoga. Alipotoka kuoga hakuja jikoni kwa wanawake. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la makuti, akachutama karibu na Shaibu, akachungulia chini ya gari, akasema, "Kaka, hivi vyuma ulivyoweka ni vifupi. Sisi lori letu tuliliinua hivi," akaonyesha kwa mkono, kuanzia kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko. Shaibu akamwangalia. Nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele, na nikaona alivyomwangalia. Sitasema alimwangalia kama mume anavyomwangalia mwanamke, maana hilo ningelijua la kufanya. Alimwangalia kama mtu aliyekuwa anaongea peke yake muda mrefu, na sasa kajibiwa.

Akawa anakuja kila mara, na kila akija hulala chumba cha wageni. Nilimwonea wivu kwa kila kitu, na bora niseme waziwazi. Nilionea wivu sauti yake ya kuongea bila haraka. Nilionea wivu kucha zake, kwa sababu aliweza kushika bolti yenye grisi halafu akanawa zikabaki nyeupe, wakati zangu kitunguu tu kilizishinda. Nilionea wivu mto. Alishona mto kwa vipande vya mitumba, vitambaa vya Ulaya vyenye maua ambayo sisi hatukuyajua, akauweka kwenye kiti cha mbele upande wa abiria, eti chuma cha kiti kilikuwa kimetokeza. Kiti changu. Hakuna aliyemwambia kwamba kile kiti kina mwenyewe, na Shaibu alipouona mto alisema tu, "Ah, umefikiria." Nikimpikia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, yeye anaisifu kwa adabu kabisa, "Ahsante dada Somoe, mkono wako una utamu," halafu anageukia upande wa pili na kuuliza bomba la hewa la injini litapandishwa mpaka wapi. Na mume wangu anajibu kwa sauti ile ya chini, ya kueleza, aliyokuwa akiitumia zamani alipokuwa ananisindikiza kutoka kisimani.

Nyumba yetu ilikuwa na kuta ambazo hazikufika kwenye paa, kama nyumba nyingi za huku, kwa hiyo mtu akipumzika chumbani anasikia yote ya ukumbini. Ijumaa moja, wanaume walipotoka msikitini, nilikuwa nimejilaza, kichwa kinaniuma, nikamsikia kaka yake Shaibu, Bakari, akishusha glasi ya maji. Bakari alikuwa mtu wa kusema wazi. "Huyu mama wa Lindi," alisema, "anakuja, anakula, analala, anaondoka. Watu wana macho. Mjane, hana mtu, ana akili ya biashara. Si umwoe tu? Somoe ni mtu mwema, atazoea." Nikainua kichwa kwenye mto. Nilisikia kuku wanakwaruza nje, nilisikia Bakari anajikuna kidevu, ila mume wangu sikumsikia. Mwisho akasema, "Ngoja kwanza gari lisimame, kaka." Hakusema hapana. Nilirudisha kichwa kwenye mto nikaangalia boriti, na kuanzia siku ile nikawa naombea gari lisisimame. Niliomba bolti zikatike, niliomba Damiani augue, nikaomba mvua isije kabisa, mimi niliyekuwa na mama mgonjwa wa kungojea mvua hiyo hiyo.

Likasimama. Mvua zilikuwa zimeshika wiki ile na magari yote ya njia ya Pande yamekwishaacha. Asubuhi walipoishusha Landrova kutoka kwenye magogo, watoto walikimbia wakarudi nyuma, maana kwa kweli ilikuwa ndefu kwenda juu kupita kiasi. Mwanahawa alikuwa ameshinda ule ubishi wa kimo na Damiani alikuwa amenuna. Matairi ya kashata, springi za lori, bomba la hewa limepanda kando ya kioo mpaka juu ya paa. Mbwa wa jirani alipita chini yake bila kuinamisha mkia. Shaibu aliizungusha mara moja barabarani, inanguruma, akaisimamisha mbele ya nyumba, akashuka kwa kuruka, na uso wake siku ile ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima hilo. Abiria walikuwa wanangoja tangu alfajiri, karibu wote wanawake: wachuuzi wa Pande wenye ndoo na vikapu, bibi mmoja aliyekuwa anatoka hospitali, mama mwenye mtoto mgongoni. Na mimi, nimevaa doti mpya, na kifurushi cha dawa na sukari cha mama yangu.

Hapo ndipo ilipoonekana walichosahau. Miezi yote ile, matonge yote yale, walikuwa wamepima maji, tope, mawe, visiki. Mtu mwenye kanga hawakumpima. Bibi wa hospitali alisogea mpaka mlangoni, akatazama pale miguu inapotakiwa kufika, akatazama kanga yake, akatazama wanaume waliojaa barabarani wakishangaa gari. "Mwanangu," akamwambia Shaibu, "mimi nitapandaje hapo na heshima yangu?" Wanawake wengine wakaanza kucheka, wakakunja midomo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua mguu. Shaibu akababaika. Kisha akakimbia ndani, mbio, na mimi nikajua anachokwenda kuchukua kabla hajatoka nacho. Alitoka amekumbatia kinu changu. Kinu cha mti wa mkongo, alichonipa mama yangu siku ninaondoka Pande. Akakipindua mdomo chini mbele ya mlango wa mbele, akakipigapiga kukikaza kwenye udongo, akasema, "Haya, mbele kwanza," na mkono wake ukamwelekea Mwanahawa. Labda kwa sababu Mwanahawa alikuwa karibu. Labda kwa sababu ndiye aliyejua njia ya kupita matope. Nimeyafikiria yote hayo. Mwanahawa akavua kiatu, akanyanyua mguu, wayo mzuri, mweupe kwa chini, kuuweka kwenye kitako cha kinu cha mama yangu.

Nilipita katikati ya watu nikakikalia. Kwetu mwanamke hakalii kinu. Tangu utotoni unafukuzwa ukikisogelea kwa makalio, na mwanamke mzima kufanya hivyo mbele ya watu ni kama kuvua kanga barabarani. Nikakaa, nikapakata kifurushi cha mama, nikatazama mbele. "Atakayepanda," nikasema, "apande juu ya mabega yangu." Bibi wa hospitali akasema, "Yallah." Shaibu akaniita, "Somoe," akaniita tena, "Somoe, inuka, twende basi, panda na wewe." Lakini kupanda kungetaka nikanyage kile kile kinu, na nisingekikanyaga. Basi Mwanahawa akafanya jambo ambalo nalichukia mpaka leo kwa uzuri wake. Akafunga kanga yake vizuri katikati ya miguu, kama wanawake wanavyofunga wakienda kuvua pwani maji yakitoka, akaweka mguu kwenye kashata za tairi, akashika bomba la hewa, akapanda, mara moja, bila kuonyesha hata goti. Watu wakampigia makofi. Wanawake wengine wakafunga kanga zao wakamfuata, wakasukumana, wakacheka, hata bibi wa hospitali akabebwa na binti zake aliokuja nao. Shaibu akanitazama kwa muda. Kisha akachukua kifurushi cha mama yangu kutoka mapajani mwangu, taratibu, akakiweka ndani ya gari, na wakaondoka. Nilibaki nimekaa kwenye kinu katikati ya moshi.

Walifika Pande. Walipita Mavuji maji yakiwa juu ya lile pengo la mchi, na mama yangu alipata dawa zake kutoka mkono wa Mwanahawa, akanitumia salamu kwamba dada yangu yule wa Lindi ana tabia nzuri. Shaibu aliporudi alisimulia kwa siku nyingi, na kila alichosimulia walikuwa wawili: walipotelezea, walipovutwa kwa kamba, walipokula muhogo wa kuchoma na tope mpaka masikioni. Nilimpakulia chakula bila kuuliza kitu. Kisha Bakari akaja tena, mchana vile vile, na mimi chumbani vile vile, safari hii nikiwa nimekaa kitandani nimejifunga kibwebwe kama mtu anayengoja vita. "Gari limesimama," Bakari alisema. "Sasa?" Mume wangu akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Kaka," akasema, "wake wawili, na kiti cha mbele ni kimoja." Bakari naye akacheka, wakaingia kwenye habari za korosho, na mambo ya ndoa hayakutajwa tena nyumbani kwangu.

Nilishinda, si ndiyo? Miaka yote sijui. Maneno yale nimeyageuza na kuyageuza kila nikitwanga, kiganja changu kikiwa kwenye lile pengo, na bado hayajaniambia kile kiti kimoja alikuwa amemhesabia nani. Masika yalipoisha, wachuuzi walikataa kabisa kuzoea ule urefu, Damiani akapata nafasi ya kusema "nilikwambia" mpaka akachoka, na wakaondoa majani ya springi za lori. Mwanahawa alikuja kuyachukua. Alikaa siku moja, akala, akaagana nami kwa adabu, akaenda zake Lindi, na baadaye nikasikia ameolewa na mwenye malori. Wiki ile Mwanahawa alipoondoka, Shaibu akachomelea ngazi ya chuma chini ya mlango wa mbele. Alichukua kinu changu kupimia kimo cha ngazi, safari hii akaomba ruhusa. "Panda," akaniambia. Nikapanda, nikakaa, na mto ulikuwepo pale, wa maua, umekwisha kuchukua umbo la mtu mwingine. Nikautupa viti vya nyuma. Tulikwenda Pande kiangazi, barabara kavu, gari lolote lingefika.

Haya yote yalinirudia pale uani, jeneza limesimama juu ya matofali, na Mwanahawa anasalimia watu mmoja mmoja. Damiani alimwona. Mtani ni mtani, hana huruma. Akajikokota mpaka jikoni kwangu, akarudi anakiviringisha kinu kwa mguu, akakipindua kando ya jeneza, akapiga ubao kama utingo wa gari. "Pande! Pande! Mbele nafasi moja! Nani wa mbele?" Vijana walicheka bila kujua wanachocheka. Wazee wanaokumbuka wakanitazama mimi, wakamtazama Mwanahawa. Mjane hatembei ovyo msibani. Nikainuka kwenye mkeka, nikapita katikati ya wanawake, nikakalia kinu changu.

Mwanahawa akaja mpaka nilipo. Kwa karibu alikuwa mzee kama mimi, macho mekundu, bakora sasa anaiegemea kweli. "Somoe," akasema, "sogea kidogo, miguu yangu siku hizi haina nguvu."

"Nafasi ni moja," nikamwambia.

Akatoa sauti, nusu kicheko, akashuka taratibu akakaa chini kwenye udongo, akaegemeza mgongo wake kwenye kinu, bega lake kwenye mguu wangu. Damiani akavuta matofali, wanaume wakaingia, wakalinyanyua jeneza mabegani huku wakitoa shahada, na sisi wanawake tukabaki tukilitazama likitoka mlangoni, likikunja kona, lisionekane tena. Nilikuwa nalia. Naye alikuwa analia, nilihisi bega lake. "Dada," akasema bila kugeuka, "nikuulize kitu cha kizee. Aliwahi kukwambia kwa nini hakunioa?"

"Hakuwahi kuniambia," nikajibu, na hilo ni kweli, mimi hakuniambia. Maneno yale nilikuwa nayo mdomoni yote, wake wawili, na kiti cha mbele ni kimoja, na nilimwona anavyoyangoja, alivyoyangoja maisha yake yote kama mimi. Sikumpa. Wala sikusogea.